Kupima udongo wa kichuguu Lubumbashi kabla ya kuwasha tanuru

Matofari mengi ya Lubumbashi yanatoka kwenye kichuguu. Mchwa wamekwisha kupandisha chembe laini kutoka chini, ndiyo maana udongo wake unashikana kuliko ule wa pembeni. Ila vichuguu viwili vya shamba moja vinaweza kutoa matofari tofauti kabisa. Ukigundua hilo baada ya kuchoma matofari elfu kumi, umepoteza kuni, maji, malipo ya vibarua na kiangazi chote. Vipande thelathini vya majaribio na wiki sita vinatosha kukuonya mapema, kwa hiyo anza mwezi wa nne, mvua inapokatika.

Ondoa kwanza sentimita 20 za juu zenye mizizi. Chukua kilo 5 chini, kilo 5 katikati na kilo 5 karibu na kilele, kila moja kwenye mfuko wake. Karatasi ya jina iandikwe kwa penseli, maana wino unaweza kuyeyuka unyevu ukiingia. Kausha, ponda, kisha punguza kwa haki: mwaga udongo uwe rundo, lisawazishe, ligawe robo nne, beba robo mbili zinazotazamana, rudia. Anayechota kwa mkono juu ya rundo anapata chenga kubwa tu, kwani unga umeshuka chini.

Kama udongo ni wa vyungu vya chakula au maji, usichimbe upande wa kaskazini-magharibi wa kiwanda cha zamani cha kuyeyusha shaba. Kuanzia 1911, kwa miaka mingi, upepo ulipeleka moshi wake huko, na ardhi imebeba metali za shaba, kobalti, risasi na kadimiamu.

Jaribio la chupa ni la haraka. Jaza theluthi moja ya chupa iliyonyooka kwa udongo uliopondwa, ongeza maji, tikisa dakika tatu, acha saa moja, tikisa tena. Kilichotua baada ya dakika moja ni mchanga. Kinachoongezeka hadi saa mbili ni vumbi laini. Kinachotua kesho yake ni udongo wa mfinyanzi wenyewe. Usichukue unene wa tabaka la juu kama asilimia kamili: limevimba kwa maji. Linakusaidia kulinganisha vichuguu, basi.

Halafu chokaa. Hapa ndipo matofari ya kichuguu yanapoharibika bila mwenyewe kuelewa. Vichuguu vikubwa vya Katanga, eneo la Lubumbashi, mara nyingi hukusanya chokaa, wakati mwingine katika vijiwe vyeupe vidogo. Dondoshea udongo mkavu siki au maji ya ndimu, utege sikio karibu: ukitoa povu na kuchachatika, chokaa ipo. Motoni, kuanzia nyuzi 800 hivi, kijiwe hicho kinageuka chokaa hai. Tofari linatoka zima, jekundu, zuri. Siku au wiki kadhaa baadaye unyevu wa hewa unaingia, chokaa inavimba, na uso wa tofari unaruka kipande cha duara. Ukitazama chini ya shimo utaona kidoa cheupe, laini kama unga wa muhogo. Dawa ni kuponda na kuchekecha kwa wavu usiozidi nusu milimita. Chokaa iliyosagika hivyo husambaa bila kupasua. Kama huna nguvu ya kuchekecha udongo wote, tafuta kichuguu kingine.

Sasa vipande vyenyewe. Tengeneza michanganyiko minne: udongo mtupu, kisha wenye mchanga asilimia 10, 20 na 30, ukipima vyote vikiwa vikavu kwa mizani, si kwa ndoo. Kila mchanganyiko upate vipande 7 au 8 vya sentimita 14 kwa 4 kwa 2. Kanda kwa maji hadi udongo uache kunata mkononi, funika usiku mmoja, ndipo ubonyeze kwenye fremu ya mbao. Papo hapo chora mistari miwili yenye nafasi ya milimita 100 kamili kati yake. Hivyo kila milimita inayopotea ni asilimia moja ya kusinyaa, huhitaji hesabu.

Kausha kivulini. Upepo mkavu wa mwezi wa sita na wa saba hukausha kingo kabla ya moyo, na kipande kinapinda. Kifunike kwa gunia siku mbili za kwanza, kigeuze asubuhi na jioni. Kimekauka pale uzito unapobaki uleule siku mbili mfululizo. Kusinyaa kwa asilimia 5 hadi 8 kunafaa. Kukipita 10 tegemea nyufa, ongeza mchanga.

Motoni, haraka ndiyo adui. Kaa saa mbili karibu na nyuzi 120 ili maji yaliyobaki yatoke. Yakigeuka mvuke ndani, kipande hulipuka. Panda nyuzi 100 kwa saa hadi 600, ukiwa mpole zaidi karibu na 573, maana hapo mchanga wa kwatzi hutanuka ghafla, na wakati wa kupoa husinyaa ghafla vilevile. Choma fungu moja kwa 900, jingine kwa 1,000, ukishikilia moto saa mbili. Usifungue tanuru kabla halijashuka chini ya 150. Kisha vunja kipande kimoja: moyo mweusi maana yake hewa haikutosha au ulipanda mbio.

Kupima unywaji wa maji, loweka saa 24, futa kwa kitambaa chenye unyevu, pima. Kipande cha gramu 150 kikifika 174 kimekunywa asilimia 16. Kwa tofari la ukuta, tafuta chini ya 20. Baada ya hapo kichemshe saa tano. Chokaa iliyojificha hujitokeza hapo. Lubumbashi iko juu, maji huchemka karibu nyuzi 96, andika hivyo kwenye ripoti.

Mwisho, nguvu. Weka kipande juu ya vyuma viwili vilivyoachana milimita 100, ning'iniza ndoo katikati, mimina mchanga polepole hadi kivunjike, kisha pima ndoo pamoja na mchanga wake. Kilo mara 9.81 ndiyo nguvu kwa nyutoni. Zidisha nguvu hiyo kwa 3 na kwa 100 (ile nafasi kati ya vyuma), gawanya kwa mara mbili ya upana mara unene mara unene. Nyutoni 240 kwenye upana wa milimita 37 na unene wa 18 zinatoa megapaskali 3, yaani nyutoni 3 kwa kila milimita ya mraba. Unene upime palepale kilipovunjikia, mara tatu: ukisoma 19 badala ya 18, jibu lako limekosea kwa zaidi ya sehemu moja katika kumi.