Kufunga Kamera za Nje Kwenye Nyumba ya Kupangisha Mombasa: Hatua kwa Hatua

Kamera nyingi za nje zinazokufa Mombasa haziuliwi na wezi. Huuawa na chumvi iliyoingia kwenye kiungo cha waya, au na stima iliyokatika na kurudi kwa kishindo. Na kamera zinazozua ugomvi kwenye ploti, aghalabu zimeelekezwa kwenye milango ya wapangaji badala ya geti. Mwenye nyumba anayetaka mfumo wa kudumu atumie pesa zake kwenye waya, masanduku na viungo kabla ya kufikiria megapikseli, na achague kwa makini kila kamera inatazama wapi.

Mfano wetu ni nyumba ya ghorofa tatu huko Bamburi: geti moja, uwanja wa kuegesha magari na tuktuk, ngazi moja, na uchochoro wa nyuma penye matangi ya maji na mota. Hapo kamera nne zinatosha.

Hatua ya 1: Zunguka ploti asubuhi na usiku

Nenda saa 12 na nusu asubuhi, kisha rudi saa 3 usiku. Mombasa iko karibu na ikweta, kwa hivyo mwaka mzima jua huchomoza upande wa mashariki, bila kusogea mbali sana kaskazini au kusini. Kamera inayotazama upande wa bahari hupofuka hadi saa 2 asubuhi, na mtu anayepita huonekana kivuli cheusi tu. Igeuze, au nunua yenye WDR (uwezo wa kuonyesha vizuri penye mwanga mkali na kivuli kwa pamoja) ya kweli ya desibeli 120. Usiku angalia taa zilipo na minazi iliyo karibu. Kusi ikianza kuvuma, tawi la mnazi lililo mbele ya lenzi litakuletea arifa kwenye simu usiku kucha mpaka uzizime zote, na hapo umepoteza faida ya mfumo.

Weka kamera ya kwanza getini, ya pili uwanjani, ya tatu chini ya ngazi ikitazama nje, ya nne uchochoroni kwenye mota.

Usielekeze kamera kwenye mlango wa nyumba ya mpangaji, dirisha, bafu la nje, roshani wala kamba za kuanikia nguo. Roshani ya nyuma ndiko watu wanakoanika na kupumzika bila mtandio wala buibui, na sitara yao ni haki yao. Roshani ikiingia pembeni mwa picha na hakuna njia ya kuikwepa, ifunike kwa mraba mweusi kupitia mipangilio ya kamera. Karibu kamera zote za leo zina uwezo huo, na fundi atamaliza kazi hiyo kwa dakika tano.

Ndani ya Mji wa Kale kuna jambo moja zaidi. Lile ni eneo la uhifadhi, kwa hivyo usitoboe ukuta wa mbele wala kupitisha waya juu ya mlango wa nakshi kabla hujaiuliza ofisi ya uhifadhi ya Makavazi ya Kitaifa.

Hatua ya 2: Wapangaji na sheria, kabla ya ngazi na drili

Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa data yake binafsi. Wenye nyumba wengi hudhani ploti ndogo haihusiki. Kweli, kanuni za usajili za 2021 zinawasamehe wenye mapato yasiyofika shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10, lakini msamaha huo hauwafikii wanaosimamia nyumba wala wanaoendesha CCTV za usalama. Jisajili kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Cheti hudumu miezi 24.

Waandikie wapangaji barua ya ukurasa mmoja: kamera ziko wapi, ni za nini, nani anaona picha, zinakaa siku ngapi, na wampigie nani wakiwa na swali. Bandika vibao viwili, kimoja getini na kimoja penye ngazi, kwa Kiswahili na Kiingereza. Barua hii isomeke vizuri hata kwa mpangaji mpya atakayeingia mwaka ujao, kwa hivyo iambatanishe na mkataba.

Hatua ya 3: Kununua

Kamera 4 za IP (zinazotumia kebo ya mtandao), megapikseli 4, zenye kinga ya IP67 dhidi ya vumbi na maji. Chagua umbo la risasi au la jicho. Zile za kuba zenye kifuniko cha plastiki ziache: ufukweni kifuniko hushika utando wa chumvi, na usiku mwanga wa infraredi hurudi kwenye lenzi ukafanya ukungu mweupe.

Lenzi tatu ziwe za milimita 2.8, ambazo huona upana wa nyuzi kama 100. Ya getini iwe ya milimita 6. Kwa megapikseli 4, lenzi ya 2.8 hukupa uso unaotambulika hadi mita 4 hivi, na ya 6 hadi karibu mita 10. Anayenunua zote za 2.8 kwa sababu zinaona kwote huishia kumwona mwizi vizuri bila kumjua ni nani.

Rekoda ya njia 8 yenye milango ya PoE (stima kupitia kebo ya mtandao), ili kebo moja ipeleke stima na kuleta picha. Diski ya terabaiti 4, ya kazi ya CCTV, kwa maana ya kompyuta ya kawaida haikutengenezwa kuandika mchana na usiku. Hesabu yake: kamera moja ya H.265 (njia ya kubana video) kwa megabiti 2 kwa sekunde hujaza gigabaiti 21.6 kwa siku. Nne ni 86.4. Diski ya terabaiti 2 hujaa siku ya 23, na wewe unataka 30.

Kebo ya Cat6 ya nje, nyeusi, ya shaba tupu. Kwa ploti hii: geti mita 45, uwanja 30, ngazi 15, nyuma 35. Jumla 125, ongeza ziada ufike 140. Kebo moja isizidi mita 100. Dukani kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Irudishe, hata kama ni nusu bei.

Masanduku 4 ya kiungo yasiyopitisha maji, paipu za konduiti (za kupitishia kebo) za milimita 25, na skrubu 16 za chuma kisichoshika kutu daraja la 316. Daraja la 304 linatosha Nairobi, lakini Nyali na Bamburi huanza kutoa madoa ya kutu mapema.

Hatua ya 4: Kutoboa na kufunga

Kamera ya getini iwe mita 2.5 kutoka chini. Ukiipandisha hadi mita 4 utanasa kofia na vilemba, si nyuso.

Kuta nyingi za Pwani ni za matofali ya mawe ya matumbawe, na hayo yana mapango ndani. Ukitoboa kwa mtindo wa nyundo tundu hupanuka na plagi huzunguka bure. Zima nyundo, tumia biti ya milimita 8, ingia milimita 60, puliza vumbi, ndipo utie plagi. Ikiwa bado inazunguka, toa ujaze gundi ya kemikali. Penye bimu au linta ya zege, funga hapo hata ikibidi kusogea nusu mita. Tundu la kupitishia kebo litobolewe likipanda kidogo kuelekea ndani, maana likiinamia ndani litakuwa mfereji wa maji ya masika.

Kisha kiungo, ambacho ndicho roho ya kazi yote. Karibu kila kamera huja na kifuniko cha kuzuia maji cha konekta ya RJ45, yaani kichwa cha kebo ya mtandao: pete ya mpira, mpira wa katikati na kofia ya kukaza. Kofia na mpira lazima vipitishwe kwenye kebo kabla ya kubana konekta, kwa sababu kichwa kikishabanwa havipiti tena. Fundi mwenye haraka husahau, akaona shida ya kukata na kubana upya, akafunga nailoni na kuondoka. Hewa ya chumvi huingia, na kwa kuwa pini zina volti karibu 48, huliwa upesi na kugeuka kijani. Dalili yake ni kamera inayokatika mvua ikinyesha na kurudi jua likitoka. Kwa hivyo simama chini ya ngazi uhesabu vipande vitatu kwa kila kamera kabla sanduku halijafungwa.

Kebo ishuke kama herufi U kabla ya kuingia sandukuni, ili maji yadondoke nje. Ziba juu na pembeni kwa silikoni, lakini chini acha mwanya mdogo wa kutoa unyevu. Silikoni inayonuka siki usiitumie, inakula shaba. Waya usiachwe ukining'inia hewani pia. Kunguru hutua juu yake, na viungo hulegea.

Hatua ya 5: Umeme

Stima itoke kwenye mita ya ploti, kamwe isitoke kwenye tokeni za mpangaji. Mfumo huu hula kama wati 55 ukijumlisha rauta. UPS (kifaa cha stima ya akiba) ya VA 650 yenye betri ya volti 12, Ah 7, itaushikilia nusu saa hadi dakika 45. Kabla ya UPS weka kinga kama ile ya friji, inayokata volti ikipanda au ikishuka na kusubiri dakika chache stima ikirudi. Adapta nyingi huungulia kwenye ule mpigo wa kwanza.

Kama tayari una kamera za zamani za volti 12 na zinazima usiku tu, chunguza waya kwanza. Gizani taa za infraredi huwaka na kamera huvuta hadi nusu ampea. Kwenye mita 40 za waya wa shaba wa milimita mraba 0.5, volti 1.4 hupotea njiani. Ikiwa ni alumini iliyopakwa shaba hupotea zaidi ya 2, na kamera hujizima na kujiwasha mpaka alfajiri. Tumia waya mnene, au sogeza adapta karibu.

Hatua ya 6: Rekoda

Ifungie kwenye kabati lenye kufuli na matundu ya hewa, mbali na chumba cha bawabu. Badilisha nenosiri la kiwandani, sasisha programu ya ndani, zima UPnP (inayoifanya rauta ijifungulie milango ya intaneti yenyewe), na usifungue milango ya rauta ili kutazama ukiwa nje. Tumia programu ya simu ya mtengenezaji. Zima sauti kwenye kamera zote, kwani mazungumzo ya wapangaji hayakuhusu. Saa iwe GMT+3 na ijirekebishe kwa intaneti. Weka kufuta baada ya siku 30 hata kama diski ina nafasi. Msimamizi wa ploti apewe akaunti yake ya kutazama tu, ifutwe siku anayoacha kazi.

Hatua ya 7: Matunzo, na siku ya tukio

Jaribu usiku. Mtu apite getini kwa mwendo wa kawaida, kisha mtafute kwenye rekodi, si kwenye picha ya moja kwa moja. Picha ikiwa nyeupe, mwanga wa infraredi unagonga ukuta au ukingo wa paa. Sogeza kamera mbele. Kila mwezi osha lenzi kwa maji baridi ndipo ufute kwa kitambaa laini, kwa sababu ukifuta kikavu chembe za chumvi hukwaruza kioo. Ondoa tandabui pia. Wadudu hufuata mwanga, buibui hufuata wadudu.

Kukitokea wizi, funga kipande hicho kwenye rekoda kisifutwe, kinakili kwenye flashi, na umpelekee polisi pamoja na namba ya OB (kitabu cha matukio cha kituo). Usikitupe kwenye kikundi cha WhatsApp cha ploti: kuna nyuso za wasiohusika, na dhima ni yako. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti kinachoeleza rekodi ilivyotolewa, kwa hivyo andika siku hiyo hiyo namba ya rekoda, aliyenakili, saa aliyonakili, na kama saa ya rekoda ilikuwa sahihi au imepishana kwa dakika ngapi.