Kupanua himaya kwenye OGame bila kugeuka shamba la wengine

OGame ni mchezo wa mtandaoni wa kujenga himaya ya sayari angani, na anayekushambulia humo huwa ameshapiga hesabu. Chombo chake cha upelelezi kimepita kwenye sayari yako, na ripoti imemwonyesha metali, kristali na deuteri ulizolaza, meli zilizoegeshwa na mizinga iliyopo. Shambulio likifaulu, kwa kawaida anaondoka na nusu ya mali aliyoikuta. Meli zikivunjika, 30% ya metali na kristali zilizozijenga inabaki inaelea kama skrepa, na mwenye meli za skrepa anaizoa. Kujilinda ni kuivuruga hesabu hiyo. Asilimia hizi hutofautiana kati ya ulimwengu (seva ya mchezo) mmoja na mwingine, kwa hiyo soma mipangilio ya ulimwengu wako kwanza. Namba za hapa ni za ulimwengu wa kasi ya 1, yaani kasi ya kawaida ya mchezo.

Mchezo huu ulianza Ujerumani mwaka 2002 na unachezwa kwenye kivinjari, ndiyo maana unamfaa mtu wa Dar mwenye simu ya kawaida na bando la kubana. Kinachokula muda ni ratiba.

Anza na nishati, maana hapo ndipo wengi wanapokwama bila kujua. Mgodi wa metali wa ngazi ya 10 unatoa kama 778 kwa saa, wa kristali 518, na kila mmoja unakula nishati karibu 260. Mtambo wa sola wa ngazi ya 10 unatoa 518, yaani umepungua kidogo tu. Ukiongeza mgodi wa deuteri wa ngazi ya 5, unaokula zaidi ya 160, hata sola ya ngazi ya 11 (627) haitoshi. Unahitaji ya 12 (753). Nishati ikipungua, migodi yote inashuka kwa kiwango kilekile, hata ule uliotoka kuupandisha jana kwa gharama. Basi sola kwanza, mgodi baadaye. Metali itangulie kristali kwa ngazi mbili tatu. Na ghala: lile la mwanzo kabisa linabeba 10,000 tu, likijaa mgodi unasimama.

Ukizidiwa na bei ya sola utashawishika kununua setilaiti za jua, kristali 2,000 na deuteri 500 kila moja. Chache hazina neno. Lakini setilaiti haziondoki sayarini, hivyo huwezi kuzificha, na zikilipuliwa zinahesabiwa kama meli. Setilaiti 500 ni kristali 1,000,000. Skrepa yake ni kristali 300,000. Mtu atakuja kwa ajili ya hizo peke yake, hata ghala likiwa tupu.

Koloni, yaani sayari zako za ziada, zinafunguliwa na utafiti wa astrofizikia, ambao unadai upelelezi ngazi ya 4 na injini ya impalsi ngazi ya 3. Ngazi ya kwanza ni metali 4,000, kristali 8,000 na deuteri 4,000, na kila inayofuata bei inazidishwa kwa 1.75. Koloni mpya unaipata ngazi ya 1, 3, 5, 7 na kuendelea. Ngazi ya 2 haikupi koloni, kwa hiyo usiinunue kama huna mpango wa kufika ya 3. Meli ya koloni yenyewe ni metali 10,000, kristali 20,000 na deuteri 10,000, na ikishatua imekwisha. Kila mfumo (jua moja na sayari zake) una nafasi 15: za katikati huwa na sayari kubwa, za mwisho zina baridi na hutoa deuteri zaidi, ila 3 na 13 zinahitaji astrofizikia ya 4, 2 na 14 ya 6, 1 na 15 ya 8. Sayari ya nyumbani kwa kawaida ina viwanja 163 vya kujengea. Koloni ikitoka na viwanja 80 au 90, iache mapema kabla hujamwaga mali humo, utume meli nyingine.

Wengi hupanga koloni zote kwenye mfumo mmoja ili kubana mafuta. Kwa kusafirisha mali ni sawa, ila kwa ulinzi ni kosa, na sababu iko kwenye umbali. Kati ya sayari jirani za mfumo mmoja umbali ni 1,005. Ukivuka mifumo 100 ndani ya galaksi hiyohiyo, umbali ni 12,200. Meli ya skrepa yenye injini ya kawaida ngazi ya 6, ikienda kwa 100% ya kasi yake, inafika kwa jirani ndani ya saa 1 na dakika 43. Kwenye mfumo ulio mifumo 100 mbali inachukua saa 6. Tofauti hiyo ndiyo usingizi wako. Koloni mbili tatu zikae karibu, moja iende mbali kwa makusudi.

Kulaza meli, yaani kuziweka angani wewe ukiwa haupo ili zisikutwe sayarini, hufanywa hivi. Pakia mali yote kwenye meli za mizigo, chagua kazi ya kuhamisha (meli zikifika zinabaki huko) kwenda koloni ya mbali, weka kasi itakayoufikisha msafara ukiwa umeshaamka, kisha ongeza meli moja ya skrepa. Msafara mzima hufuata mwendo wa meli yenye kasi ndogo kuliko zote: meli ndogo za mizigo zenye injini hiyo ya ngazi ya 6, zikienda peke yake kwa kasi ya 100% umbali huo wa mifumo 100, zingefika kwa saa 3 na dakika 48. Acha deuteri ya mafuta, usijaze mpaka mwisho. Kuhamisha kuna faida nyingine, unaweza kuuita msafara urudi wakati wowote, na ukishaitwa, rada ya mwezini (jengo la adui la kuchungulia misafara) haiuoni. Kazi ya usafirishaji inarudi kwa sekunde inayojulikana, na mwenye rada atalipa deuteri 5,000 kuisoma, apange meli zake zitue sekunde chache baada ya zako. Rada ya ngazi ya 5 inafika mifumo 24.

Anayetoka Mbagala alfajiri na kurudi saa moja usiku anahitaji misafara miwili kwa siku, wa usingizi na wa kazini. Angalia saa ya seva, si ya ukutani. Ulaya ya kati iko nyuma yetu saa 2 wakati wa baridi na saa 1 wakati wa kiangazi, hivyo mwisho wa Machi na mwisho wa Oktoba ratiba inahama bila kukuaga. Na 05:10 kwenye skrini ni saa kumi na moja na dakika kumi. Tuma kabla umeme haujaanza kuchezacheza, simu ingali na chaji.

Mizinga inafaa kulinda kilichozalishwa usiku, basi. Kila risasi huchagua shabaha kwa bahati nasibu, kwa hiyo mizinga 10 ya plazma peke yake inaisha haraka, lakini ukiizungushia virusha roketi na leza ndogo 990, kila risasi ina nafasi 1% tu ya kugusa plazma. Changanya hivyo viwili: kruza (aina ya meli ya kivita) hufyatua mfululizo dhidi ya virusha roketi, lakini dhidi ya leza ndogo haiwezi hivyo. Kiasi cha 70% ya mizinga iliyovunjika hujirudia baada ya vita. Iliyopigwa kwa makombora haijirudii, kwa hiyo jenga ghala la makombora mpaka ngazi ya 2, linaloshika makombora 20 ya kuzuia, na kila moja linazuia moja.

Ukisafiri kwenda mkoani, tumia hali ya likizo, ambayo inazuia usishambuliwe. Haikubali kuwashwa msafara ukiwa bado angani, inadumu si chini ya saa 48, na migodi inasimama muda wote huo, hivyo safari ya usiku mmoja imalize kwa msafara mrefu tu.