Kabla hujampa mkandarasi advansi: maswali ya kuuliza ukiwa na nyumba Marekani

Wengi wetu tunatafuta fundi kwa kuulizana. Shemeji anamjua mtu, mtu huyo alimwekea vigae mwenzetu wa kanisani, na Jumamosi yuko mlangoni na futikamba. Kwa kupata jina, njia hiyo inafaa. Lakini fundi akitoweka na pesa zako, sifa za shemeji hazitakusaidia kitu. Muulize maswali, kisha majibu yake yahakiki mwenyewe.

Anza na namba ya leseni. Maryland, ambako Waafrika Mashariki tuko wengi, anayefanya ukarabati wa nyumba za watu lazima awe na leseni ya Maryland Home Improvement Commission (MHIC), tume ya jimbo inayosimamia ukarabati wa nyumba, na unaweza kuitafuta kwenye tovuti yao bila malipo. Mwenye leseni akikuharibia kazi, upo mfuko wa fidia unaoweza kudai kwake. Ukimchukua asiye na leseni, mfuko huo haukuhusu, hata kama alikupunguzia bei. Texas ni tofauti: jimbo halitoi leseni kwa mkandarasi wa jumla, yaani anayesimamia kazi nzima, ila mafundi umeme, mafundi bomba na wa viyoyozi wanatakiwa kuwa nayo. Popote ulipo, jina kwenye leseni lifanane na jina kwenye mkataba na kwenye hundi. Wapo wanaofanya kazi kwa leseni ya mtu mwingine.

Kibali cha ujenzi atachukua nani? Akikwambia uchukue wewe kwa jina lako eti ni rahisi zaidi, usikubali. Mkaguzi akikataa kazi, utakayebanwa ni wewe, na mara nyingi anayeomba hivyo hana leseni ya kumruhusu kuchukua kibali.

Bima nayo uulize, zote mbili: ya uharibifu wa mali na ya wafanyakazi wanaoumia kazini. Picha ya cheti kwenye simu haitoshi. Kampuni ya bima ikutumie cheti moja kwa moja. Kijana akianguka kutoka kwenye paa lako na bosi wake hana bima, bili ya hospitali inaweza kukufuata wewe.

Kama nyumba ilijengwa kabla ya 1978, rangi yake ya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi. Muulize kama kampuni yake ina cheti cha EPA, shirika la serikali ya Marekani la mazingira, cha kufanya kazi kwenye nyumba hizo. Vumbi la risasi linadhuru ubongo wa mtoto, kwa hiyo hapa usimwonee mtu haya.

Kwenye pesa ndiko tunakoumizwa zaidi. Sheria ya Maryland hairuhusu mkandarasi kuchukua advansi inayozidi theluthi moja ya bei. California ni asilimia 10 au dola 1,000, kile kilicho kidogo. Anayetaka nusu leo, tena kwa Zelle, ile huduma ya kutuma pesa papo hapo toka benki hadi benki, mwache aende. Lipa kwa hundi au kadi, na kila awamu ifungwe na kazi iliyokwisha kuonekana, si na tarehe.

Halafu soma mkataba. Ukiandikwa tu “kukarabati bafu”, hujaandikiwa kitu. Ni vigae gani, vya bei gani? Nyuma ya vigae ataweka nini kuzuia maji? Mbao zilizooza zikikutwa chini ya sakafu, bei ya kuzibadilisha ni ipi, na nani ataidhinisha? Kifusi atakibeba nani? Kazi ya ziada iandikwe na kusainiwa kabla haijaanza, hata kama fundi ni mtu wa kwenu kabisa.

Bakiza kiasi cha maana kwa malipo ya mwisho. Kabla hujakitoa, dai karatasi zilizosainiwa na mafundi aliowapa sehemu ya kazi na duka la vifaa kwamba wamelipwa na hawana madai yoyote juu ya nyumba. Katika majimbo mengi, mkandarasi asipowalipa, wanaweza kuweka dai kwenye nyumba yako ingawa wewe ulishamlipa yeye.