Somo: Namna ya kuongeza RAM katika kompyuta ya mezani ya zamani

Ndugu zangu, nimeamua kuliandika somo hili kwa ukamilifu kwa sababu kila wiki hapa Ngamiani, Tanga, hunijia mtu aliyekwisha kununua RAM (kipande cha memori ya kompyuta) isiyoingia katika mashine yake, au aliyeilazimisha ikaingia na kuharibu sloti, yaani mfereji inamochomekwa, nami humrudia maneno yale yale niliyomwambia mwenzake. Nazungumzia kompyuta za mtumba zilizojaa katika steshenari, shule na ofisi zetu, ambazo nyingi bado zina miaka ya kufanya kazi zikipewa memori ya kutosha.

Hatua ya 1. Hakikisha Windows yako ni ya biti 64, kwani ya biti 32 haitatumia RAM utakayoongeza kupita GB 4.

Hatua ya 2. Zima mashine, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki ndani uishe.

Hatua ya 3. Fungua kasha, lile tulilozoea kuliita CPU, lilaze ubavu, na uguse chuma chake kabla ya kugusa kitu kingine, kwa sababu umeme tuli wa mwilini unaweza kuua RAM bila wewe kuhisi chochote.

Hatua ya 4. Chomoa RAM iliyomo, soma karatasi iliyobandikwa juu yake, na uende nayo dukani. RAM zina vizazi visivyoingiliana: ikiandikwa PC2 ni DDR2, PC3 ni DDR3, na PC4 ni DDR4. Usinunue kwa kutazama umbo la kasha: Dell OptiPlex 760 na OptiPlex 780 zinafanana sana kwa nje, lakini ya kwanza inatumia DDR2 na ya pili DDR3. DDR2 na DDR3 zote zina meno 240, yaani vile vipande vya dhahabu vya ukingoni, na urefu mmoja. Kinachozitofautisha ni mahali pa pengo katikati ya meno, na pengo hilo liliwekwa makusudi ili moja isiingie katika sloti ya nyingine.

Hatua ya 5. Hapa naomba msome taratibu. Fungua vishikio vya sloti, linganisha pengo la RAM na kinundu kilichomo ndani ya sloti, isimamishe RAM wima, kisha uikandamize kwa vidole gumba viwili, kimoja kila mwisho, mpaka vishikio vyote viwili vijifunge vyenyewe. Katika mwaka wangu wa pili wa kazi hii niliongeza RAM katika mashine ya steshenari moja huku mwenyewe amesimama pembeni akinihimiza, kwa kuwa wateja wake walikuwa wakingoja kuchapiwa. Nilisikia mlio wa kishikio kimoja nikaamini kazi imekwisha, kumbe upande wa pili ulikuwa umeinuka kwa kiasi cha unene wa kucha. Nilipowasha, feni ilizunguka mara moja, kisha ikaja harufu ya plastiki inayoungua. Meno mawili yalikuwa yamegeuka meusi na ukingo wa sloti umeyeyuka, nami nikanunua bodi mama nyingine kwa fedha yangu. RAM ikikaa mshazari, jino linalopitisha umeme huweza kugusana na lisilo lake. Kwa hiyo usiwashe kabla ya kuinama na kutazama pande zote mbili kwa tochi. Na ikiwa RAM inagoma kushuka, usiongeze nguvu, itoe, kwani ama umeigeuza ama umenunua aina nyingine.

Hatua ya 6. Washa kabla ya kufunga kasha. Mashine ikiandika kwamba kiasi cha memori kimebadilika, kubali uendelee.

Hatua ya 7. Ipime kwa MemTest86+, programu ya kupimia memori, usiku kucha ikiwa RAM ni ya mtumba.

MASWALI YA WANACHAMA

Wa Makorora: Fundi, RAM ya laptopu ya DDR3 itaingia kwenye ya mezani? Nina haraka.

Jibu: Haitaingia. Ya laptopu ni fupi na ina meno 204. Soma hatua ya 4.

Wa Makorora: Basi nitajie tu ya kununua.

Jibu: Siwezi kukuchagulia RAM ya mashine ambayo hata jina lake hujaliandika.

Mwalimu wa Muheza: Shikamoo fundi. Katika maabara yetu tumeweka RAM mbili za GB 4, na BIOS (programu ya bodi mama inayoamka kabla ya Windows) inasoma GB 8, lakini Windows inasema inayotumika ni GB 3.2. Je, moja ni mbovu?

Jibu: Marahaba mwalimu, na ahsante kwa kuandika namba zote. RAM zako ni nzima. Windows hiyo ni ya biti 32. Kila baiti ya memori inahitaji anwani yake, na namba ya biti 32 haiwezi kutoa anwani zaidi ya 4,294,967,296, yaani GB 4. Tena baadhi ya anwani hizo huchukuliwa na kadi ya picha na vifaa vingine, ndiyo maana hupati hata hizo GB 4 kamili. Hifadhi mafaili ya wanafunzi, kisha weka Windows ya biti 64 ikiwa prosesa inaikubali.

Wa Pangani: Mashine yetu iko karibu na bahari. Kila baada ya masika inalia bila kuonyesha picha, lakini nikichomoa RAM na kuirudisha inawaka.

Jibu: Hewa ya chumvi na unyevu hujenga utando juu ya meno, nawe ukichomoa na kurudisha unaukwangua kidogo tu. Sugua meno polepole kwa kifutio cheupe cha penseli, upanguse vumbi lake kwa kitambaa kikavu cha pamba. Usitumie msasa, kwa sababu utaondoa dhahabu.

Wa Raskazone: Mimi huweka ndani ya kasha vile vifuko vya kukausha vinavyokuja na viatu.

Jibu: Ndani ya kasha lenye feni vitashiba unyevu upesi. Viweke katika kopo la RAM za akiba, huko vinafaa sana. Mashine yenyewe iwashwe mara kwa mara, kwa kuwa joto lake huikausha.

Wa Duga: Nimefuata somo lako na mashine haiwaki. Umenipotosha.

Jibu: Hujasema ni mashine gani wala RAM gani, na somo limetaja vyote viwili. Rudisha ile ya zamani peke yake. Je, inawaka?

Wa Duga: Inawaka. Mpya imeandikwa PC3-10600R.

Jibu: Herufi R ya mwisho ndiyo sababu. Hiyo ni RAM ya seva, na kompyuta ya mezani ya kawaida haiikubali hata ikiingia vizuri. Unayoihitaji huishia na U. Mrudishie muuzaji leo kabla meno hayajapata mikwaruzo, umwonyeshe na ile ya zamani.