Mtoto akiuliza mbona babu kanisahau

Watoto wanaona kila kitu jamani. Ukikaa kimya watajitungia majibu wenyewe, na majibu yao yanatisha kuliko ukweli: babu kakasirika, au mimi ndo nimemsababishia kwa utundu wangu, au nikimshika nitaambukizwa. Hayo matatu yaondoe mapema, hata kama hujaulizwa. Sema tu, babu anaumwa ubongo, ugonjwa unaitwa dimenshia, hauambukizi na hakuna aliyeusababisha.

Hilo neno ubongo usiache kulitaja. Ukisema "babu anaumwa" halafu basi, mtoto siku akipata mafua ataogopa na yeye atasahau watu. Usiseme pia ni uzee tu, maana ataanza kumvizia na bibi yake aone anasahau lini, na wazee wengi tu hawapati dimenshia.

Mdogo sana sentensi mbili zinamtosha, atarudi kuuliza tena, mjibu vilevile. Wa miaka nane tisa anataka kujua inakuwaje babu anauliza swali lilelile mara tano lakini shule aliyosoma anaikumbuka. Mwambie ni kama daftari, kurasa za zamani zinasomeka ila sasa kalamu imeisha wino, mapya hayashiki. Kwa Alzheimer, ambayo ndo aina ya dimenshia inayopata watu wengi zaidi, mara nyingi inaanza hivyo. Zipo aina nyingine zinaanza na tabia kubadilika, au mtu anaona vitu ambavyo havipo, kwa hiyo elezea kile ambacho mtoto anakiona nyumbani kwenu. Na usimuahidi kwamba babu atapona, mpaka sasa dimenshia kama Alzheimer haina dawa ya kuiponya.

Sasa akiwa na babu afanyeje? Kwanza asimpe mtihani wa "unanijua mimi nani?" (sisi wakubwa ndo tunaongoza kwa hili), ajitaje mwenyewe, "babu, mimi Neema mjukuu wako." Akiitwa jina la shangazi aitike tu, hakuna haja ya kubishana. Waimbe nyimbo za zamani, waangalie picha, wakunje nguo pamoja. Babu anaweza kusahau kwamba mjukuu alikuja lakini ile furaha akabaki nayo, hili mwambie mtoto kabisa maana linampa sababu ya kwenda tena. Jioni wagonjwa wengi wanachanganyikiwa zaidi, mtoto mpelekeni asubuhi.

Babu akifoka, mtoto aruhusiwe kutoka chumbani bila kuitwa hana adabu. Mtoto akikasirika au akicheka babu alivyovaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto, muache. Mwalimu wake shuleni naye ajue kinachoendelea. Ila usimfanye mlinzi wa babu, hiyo kazi ni ya mtu mzima.

Aliye mkubwa kidogo mfundishe kitu kimoja: babu akibadilika ghafla ndani ya siku moja, analala kupita kiasi au anaweweseka kuliko kawaida yake, aje aseme hapohapo. Hiyo inaweza kuwa maambukizi au dawa imemzidi, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.