Jinsi ya Kuwa Mzimamoto wa Kujitolea, Kuanzia Siku ya Kwanza Kituoni

Watu wengi wanaokuja kujitolea huuliza kwanza ni lini watashika mpira wa maji. Silaumu hamu hiyo, mimi pia nilikuwa nayo. Lakini kinachonifanya nimwamini mgeni ni kumwona amerudi wiki ya pili, ya tatu na ya kumi, hata siku ambazo kazi ni kukunja mipira na kufagia gereji. Moto hauzimwi na mtu mmoja shujaa. Unazimwa na watu wanne au watano ambao kila mmoja ana hakika mwenzake atakuwa mahali alipoagizwa.

Hatua ya 1: Nenda kituoni mwenyewe

Nenda kituo cha zimamoto kilicho karibu nawe, saa za utulivu, ujitambulishe. Uliza kama wanapokea watu wa kujitolea, siku za mazoezi ni zipi, umri wa kuanzia ni upi (mahali pengi ni miaka 18) na mafunzo yanachukua muda gani. Kisha uliza swali ambalo wengi huona haya kuliuliza: nikiumia kazini, bima ni ya nani? Usiingie kwenye jengo linalowaka kabla ya kupata jibu lake kwa maandishi.

Ukiambiwa hakuna nafasi ya kuzima moto, usikate tamaa. Vikosi vingi vinahitaji watu wa redio, wa kutunza vifaa, na wa kufundisha majirani tahadhari za moto. Wazimamoto wazuri niliofanya nao kazi walianzia huko.

Hatua ya 2: Zungumza na watu wa nyumbani

King'ora hakichagui saa. Kitalia mkiwa mezani, kitalia saa nane usiku. Mwenzi wako na watoto wajue hilo kabla hujajaza fomu, na mwajiri wako pia, kwa sababu utachelewa kazini siku fulani. Nimeona watu wenye vipaji wakiacha kikosi ndani ya miezi sita kwa kuwa mazungumzo haya hayakufanyika.

Hatua ya 3: Pima afya, anza mazoezi

Ukivaa koti, suruali, buti, kofia na mtungi wa hewa, unabeba zaidi ya kilo 20 kabla hujashika kifaa chochote. Ongeza joto na hofu, moyo unapiga kwa kasi kubwa. Nchini Marekani, ambako vifo vya wazimamoto huorodheshwa kila mwaka, matatizo ya ghafla ya moyo yamekuwa yakiua wengi kuliko ndimi za moto. Kwa hiyo mwone daktari, umweleze wazi kazi unayotaka kuifanya. Ukiwa na pumu, shinikizo la damu, au hofu ya mahali pa kubana, sema mapema.

Mazoezi yenyewe hayahitaji chumba cha vyuma. Panda ngazi ukiwa na mzigo mgongoni, tembea kwa kasi, jifunze kutambaa. Na ndevu zinyolewe: barakoa isiposhika ngozi vizuri, moshi unapenya.

Hatua ya 4: Mafunzo, na hapa usikimbilie

Utafundishwa mafundo ya kamba, ngazi, pampu na lugha ya redio. Yote ni muhimu, ila kuna mambo matatu ningependa uyashike kuliko mengine.

La kwanza ni moshi. Wengi wanaokufa kwenye moto wa nyumba huuawa na moshi kabla ya kuguswa na mwali. Ndani yake mna kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Moshi wenyewe pia huwaka. Ukiuona mweusi, mzito, unashuka upesi kutoka darini huku joto likikulazimisha kulala chini, chumba kinakaribia kuripuka. Joto la darini likifika nyuzi 600 hivi za Selsiasi, kila kitu chumbani hushika moto kwa mpigo mmoja. Dalili hizo zikitokea ni kupoza moshi mara moja kwa maji au kutoka. Hapana la tatu.

La pili ni maji. Lita moja ikigeuka mvuke hujaza nafasi kubwa mara 1,700 hivi. Mgeni anayemwaga maji ovyo kwenye chumba kilichofungwa anaweza kuwaunguza wenzake kwa mvuke huo. Na maji hayamwagwi kwenye mafuta yanayowaka hata siku moja: huzama chini, huchemka ghafla, na kuyarusha mafuta yakiwa na moto wake.

La tatu ni hewa yako. Mtungi ulioandikwa dakika 30 huenda ukakupa 15 au 20 tu ukiwa unafanya kazi ngumu. Mara yangu ya kwanza kwenye chumba cha moshi cha mazoezi nilihema kwa pupa, kengele ya hewa ikalia wakati wenzangu wangali na nusu ya mitungi yao. Timu nzima ilitoka kwa sababu yangu, kwa kuwa walioingia pamoja hutoka pamoja. Tangu siku hiyo nafanya mazoezi ya kupumua polepole nikiwa nimevaa barakoa nyumbani, na nawashauri wageni wote wafanye hivyo.

Hatua ya 5: Jifunze huduma ya kwanza

Miito mingi haitakuwa ya moto. Itakuwa ajali za barabarani, mafuriko, mtu aliyeanguka. Jua kuzuia damu, na jua kukandamiza kifua cha aliyesimama moyo: mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa mtu mzima kina cha sentimita 5 hadi 6.

Hatua ya 6: Mwito wa kwanza

Nenda pale tu kikosi kilipokuita. Endesha taratibu, maana mzimamoto aliyegonga gari njiani ni mwathirika mwingine wa kuokolewa. Ukifika, ripoti kwa kamanda wa tukio, subiri kazi. Huenda ukapewa kazi ya kuzuia watu au kubadilisha mitungi, ifanye kwa moyo wote. Usiingie ndani peke yako, na nyaya za umeme zilizoanguka zihesabu kuwa hai hadi wenye umeme wathibitishe wamezikata.

Hatua ya 7: Baada ya moto

Mwaka 2022 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliitaja kazi ya zimamoto kuwa inayosababisha saratani. Masizi si nishani. Usivue barakoa mapema, hata wakati wa kupekua majivu. Suuza koti palepale, futa shingo na mikono, usibebe nguo chafu ndani ya gari lako, na uoge ndani ya saa moja ukiweza.

Kisha keti na wenzako mlizungumze tukio. Ikiwa kuna mtu hamkumwahi, sema ulichokiona. Usingizi ukikukimbia wiki nzima, mwambie kiongozi wako akutafutie mshauri, nawe usikubali zamu nyingine kabla hujakaa naye.