Namna ya kumtazama Toni Kroos ukiwa na kiungo wa kumfundisha

Akiletwa kwangu kijana anayetaka kucheza kiungo, simwonyeshi video za mabao. Namwekea mechi nzima ya Toni Kroos, kiungo Mjerumani wa Real Madrid aliyestaafu 2024, kwa sharti moja: robo saa ya kwanza asiutazame mpira kabisa. Amtazame Kroos tu, ahesabu anageuza shingo mara ngapi kabla pasi haijamfikia. Asipofanya hivyo ataona jamaa anayetembeatembea, aseme kama wengi walivyosema miaka yote: hana mbio. Mbio kweli hana.

Mechi ya kuanzia ni nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, Bayern dhidi ya Real Madrid, Aprili 30, 2024, mjini Munich. Simamisha video dakika ya 24. Vinícius Júnior, mshambuliaji wa Madrid, anashuka kuomba mpira, beki wa Bayern Kim Min-jae anamfuata. Kroos hampi. Ananyoosha mkono kumwonyesha uwazi aliouacha Kim nyuma yake, ndipo anaupenyeza mpira humo. Vinícius anabaki na kipa Neuer, bao. Irudie mpaka kijana akuambie mwenyewe Kroos aliuona uwazi saa ngapi. Jibu ni kabla hajaupata mpira.

Sasa nendeni uwanjani. Msimamishe kushoto, sambamba na beki wa kati. Pale Madrid, Kroos alipenda kushuka hapo, mabeki wa kushoto Marcelo na baadaye Mendy wakapanda juu. Ukiwa hapo na mguu wa kulia, uwanja wote uko mbele yako, na mpira mrefu wa kwenda kwa beki wa kulia Carvajal upande wa pili unapigika bila kujigeuza. Mtu mmoja asimame nyuma ya kijana akionyesha vidole. Pasi ikiwa njiani, kijana ageuke, ataje idadi ya vidole, kisha acheze kwa miguso miwili: wa kwanza unaupeleka mpira pale anapotaka kuupigia, wa pili unauachia. Akitaja baada ya kuugusa, haihesabiki. Wazazi watalalamika kwamba mtoto hafundishwi chenga. Waache.

Atakayesema Kroos hakabi, mwonyeshe Brazil 1, Ujerumani 7, Julai 8, 2014. Bao lake la dakika ya 26 lilianza kwa kumpokonya Fernandinho mpira. Akagongeana na Khedira, akafunga.

Kwa mtoto anayejificha akishapoteza mpira, dawa ni mechi ya Ujerumani na Sweden, Kombe la Dunia 2018, Sochi. Pasi mbovu ya Kroos ndiyo iliyozaa bao la Toivonen wa Sweden. Aliendelea kuomba mpira vilevile, na dakika ya 95 akamgusia mwenzake Reus faulo, akarudishiwa, akaukunja hadi kona ya mbali ya lango.

Na kama kijana wako ameambiwa aende kwa mkopo, mpe historia hii. Kroos, mtoto wa Greifswald aliyepitia Hansa Rostock, aliingia Bayern akiwa na miaka 16. Januari 2009 wakamkopesha Leverkusen, akakaa huko msimu mmoja na nusu. Alirudi akiwa mchezaji wa kikosi cha kwanza, na mwaka 2014 Madrid wakamchukua. Makombe matano kati ya sita aliyonayo ya Ligi ya Mabingwa ameyabeba huko. La mwisho, Wembley 2024, lilifunguliwa na kona yake iliyomkuta Carvajal kichwani. Kona nazo mfundishe.

Kuna mechi moja nisiyomwonyesha mtoto: ile ya kuaga soka, Julai 5, 2024, Stuttgart, Ujerumani wakifungwa 2-1 na Hispania. Mapema tu Kroos alimgonga Pedri wa Hispania, Pedri akatolewa nje ameumia. Baadaye Kroos aliomba radhi hadharani. Akiwa na miaka 34, siku hiyo alikuwa akichelewa kufika kwenye mpira, na mtu anayechelewa hutumia miguu badala ya macho.